Kupata watu wa kujitolea kuandaa tukio la programu huria Dodoma

Rusha kwenye kundi la WhatsApp tangazo la "tunahitaji watu wa kujitolea, karibuni wote". Utajibiwa kwa vidole gumba vingi, na siku ya kazi utajikuta na watu watatu. Si kwamba wamekudanganya, ila hawakuambiwa kazi ni ipi. Kwa hiyo pima kazi kwanza, mtu atafutwe baadaye.

Chukua tukio la siku moja la programu huria, yaani programu ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzisoma na kuzibadilisha: washiriki 60, ukumbi wa mada na chumba cha kusimika Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Wiki nane kabla unahitaji watu wanne: wa ukumbi na barua, wa fedha na chakula, wa wazungumzaji, wa matangazo na usajili. Siku yenyewe ongeza wawili mlangoni, mmoja wa umeme na projekta, mmoja wa picha, na chumbani msaidizi mmoja kwa kila washiriki watano. Chumba cha watu 30 kinataka wasaidizi sita. Jumla ni 14; tafuta 18, maana misiba na safari za ghafla hazipigi hodi.

Kila kazi iandikwe kwa sentensi mbili: nini kifanyike, na mwisho wake lini. "Kusimamia ukumbi" haijatosha. "Peleka barua, fuatilia jibu, pata jina na namba ya anayeshika funguo siku ya Jumamosi" hiyo ni kazi. Matukio mengi huchelewa kwa sababu ya funguo tu: barua imepigwa muhuri, mlinzi hana habari.

Tarehe ndiyo inayoamua utampata nani. Siku ya Uhuru wa Programu, inayoadhimisha programu huria duniani, huangukia Jumamosi ya tatu ya Septemba, wakati ambao kwa kawaida wanafunzi wa vyuo wako likizo au bado wako field (mafunzo kwa vitendo). Ukiing'ang'ania tarehe hiyo, tegemea watu waliokwishaajiriwa. Ukitaka wanafunzi, subiri masomo yachanganye, na kaa mbali na wiki za mitihani. Aprili hadi Juni kuna Bunge la bajeti; nyumba za wageni hujaa, na mzungumzaji anayetoka Dar es Salaam atahangaika kupata chumba, hata kama usafiri ni rahisi siku hizi kwa treni ya SGR.

Kwa wanafunzi, anzia ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha Chuo Kikuu cha St. John's, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na Chuo cha Mipango. Usianze na ofisi, anza na CR, mwakilishi wa darasa. Yeye anajua nani akisema anafanya. Wa mwaka wa pili ndio wanaofaa zaidi: wa kwanza bado hawajui barua inapita wapi, wa mwisho wamebanwa na mradi. Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kuna maafisa TEHAMA wa wizara. Hao usiwaombe vikao vya katikati ya wiki. Waombe mada moja, au saa tatu za chumba cha kusimika. Na usitafute waandishi wa programu peke yao. Mlangoni anahitajika mtu mchangamfu mwenye mwandiko unaosomeka.

Mwombe mtu mmoja mmoja, kwa ujumbe kama huu:

"Habari za jioni, dada. Jumamosi ya tarehe 15 tuna siku ya programu huria pale chuoni. Naomba usimamie meza ya usajili, saa 2 hadi saa 5 asubuhi, mkiwa wawili. Nauli ya kwenda na kurudi ipo, chakula cha mchana kipo, posho hakuna. Naomba jibu kabla ya Ijumaa, hata kama ni hapana."

Hilo la posho liseme mapema na waziwazi. Dodoma ni mji wa semina, na watu wamezoea kusaini karatasi ya posho kabla ya kuondoka. Ukinyamaza, mtu atadhani ipo, na atakununia wewe. Nauli na bando ni kitu kingine: mwanafunzi hapaswi kutoa mfukoni ili akufanyie kazi. Mlipe siku hiyohiyo, aandike jina na kiasi.

Kikao cha kwanza kisigeuke kamati ya harusi, ambapo saa nzima inaishia kuchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Gawa kazi zilizoandikwa. Nywila za akaunti za tukio na fedha zijulikane na watu wawili. Kanuni za maadili nazo ziwe na watu wawili wa kupokea malalamiko, mmoja wao mwanamke.

Wasaidizi wa kusimika wafundishwe wiki moja kabla. Kila mmoja asimike mara mbili, mara moja kando ya Windows. Faili la Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6, kwa hiyo lishushwe mapema na kuandikwa kwenye flash za GB 8 au zaidi kwa programu maalumu. Ukilinakili tu kwenye flash yenye mfumo wa faili wa FAT32 litakataa, maana mfumo huo haupokei faili linalofika GB 4. Laptop yenye BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski, isiguswe kabla mwenyewe hajaonyesha ufunguo wake wa kurejesha, wala isianzwe ikiwa betri imekufa: umeme ukikatika wakati diski inagawanywa, data za mtu zinaweza kupotea. Msaidizi awe na ruhusa ya kusema "hii leo hapana".

Siku mbili kabla, piga simu. Asiyepokea mara mbili, nafasi yake apewe mmoja wa wale wanne wa akiba.

Ndani ya wiki moja baada ya tukio toa barua zinazotaja kazi halisi aliyofanya kila mtu. Barua ya "alishiriki" haimsaidii anayeomba ajira. Waulize papo hapo nani atashika kazi gani mara ijayo. Karatasi za mlangoni zenye namba za simu zisiachwe ukumbini wala zisigeuzwe kundi la matangazo bila ridhaa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu na ninyi.