Kueleza Ukweli Kuhusu Mwajiri wa Zamani kwa Jina Lako Kamili

Anayetafuta kazi katika hoteli za Nyali na Shanzu, maghala ya Shimanzi au kampuni za kutoa mizigo bandarini Kilindini huwa na swali moja ambalo tangazo la kazi halimjibu: hapo pakoje? Wewe uliyefanya kazi hapo unalo jibu, nalo hupata uzito likibeba jina la mtu aliyekuwapo. Kuficha jina lako mjini Mombasa hakusaidii sana, kwa sababu ukishataja zamu, idara na mwezi ulioondoka, meneja wako atakutambua kabla hajamaliza kusoma.

Kwanza angalia wakati. Usiandike kabla ya kulipwa stahili zako za mwisho na kukabidhiwa cheti cha utumishi, ambacho kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi aliyemtumikia angalau wiki nne mfululizo. Barua ya kukusifu hailazimiki kisheria, kwa hivyo kama unaihitaji, iombe mapema, mkiwa bado mnasalimiana. Ikiwa una dai la mshahara au la kufutwa isivyo haki, lifikishe kwanza kwa afisa wa leba au katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na kesi ikishafunguliwa, nyamaza hadi iamuliwe. Soma tena pia mkataba uliotia saini, hasa mahali panapozungumzia siri za kampuni.

Kisha kusanya karatasi zako: barua ya kuajiriwa, hati za mshahara, notisi na ratiba za zamu. Orodha ya wateja na barua za ndani si zako, ziache.

Katika kuandika, anza kwa kueleza ulikuwa nani pale, kuanzia lini hadi lini, na uliondokaje. Kama ulifutwa, sema ulifutwa, maana msomaji akiligundua hilo kwingine hataamini yaliyobaki. Sentensi kama "hoteli ile ni ya wezi" haimfai mtu yeyote na inaweza kukufikisha mahakamani. Linganisha na hii: "Nilikuwa mhudumu wa mkahawa kuanzia Julai 2022 hadi Mei 2024. Mkataba ulisema mshahara ni tarehe 30. Kuanzia Januari 2024 niliupata baada ya tarehe 12 ya mwezi uliofuata, isipokuwa Machi." Hilo "isipokuwa Machi" ndilo linalomfanya msomaji akuamini. Pale unapotoa maoni, onyesha kuwa ni maoni, na uyaweke karibu na jambo lililoyazaa.

Sheria pia inakupa kipimo. Badala ya kulalamika kwamba likizo ilikuwa finyu, sema ulipewa siku ngapi, kisha utaje kwamba sheria inataka zisipungue siku 21 za kazi kwa mwaka. Ikiwa uliitwa kibarua mwaka mzima, eleza ulivyofanya kazi mfululizo, kwa kuwa kifungu cha 37 kinampa haki za mkataba wa mwezi kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja. Mazuri nayo yapime vivyo hivyo: gari la kuwafikisha feri wafanyakazi wa zamu ya usiku ni jambo kubwa kwa mtu anayeishi Likoni, na kulinyamazia ni kupotosha.

Usitaje majina ya wenzako wala mishahara yao. Wao hawakuchagua kujitokeza. Msimamizi mtaje kwa cheo, na kwa tendo ulilolishuhudia pekee. Yale uliyosimuliwa kantini yabaki kantini.

Kuhusu kashfa, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2017 kwamba kosa la jinai la kashfa linakiuka katiba, lakini mwajiri bado anaweza kukudai fidia kwa kesi ya madai ndani ya miezi 12. Ukweli ni utetezi, ila wewe ndiwe utakayetakiwa kuuthibitisha, na ndiyo sababu ya zile karatasi. Mimi ningempelekea mwajiri nakala wiki moja kabla ya kuitoa, nimwombe asahihishe palipo na kosa. Akinyamaza, nakala hiyo inaonyesha kwamba alipewa nafasi.

Ukipokea barua ya wakili wake, usijibu kwa hasira wala usifute kwa hofu. Ipeleke kwa wakili wako, kwa chama chako cha wafanyakazi, kama vile KUDHEIHA kwa watu wa hoteli, au kwa Kituo cha Sheria, shirika linalotoa msaada wa kisheria. Ikibainika kwamba ulikosea tarehe au kiasi, sahihisha palepale na uandike siku uliyosahihisha. Na katika usaili wa kazi nyingine, taja maandishi hayo mwenyewe kabla hujaulizwa, ukiwa na nakala mkononi.