Tope la choo hadi mboji: tunavyofanya shambani Ganda

Shamba letu liko Ganda, nje ya mji wa Malindi. Udongo ni mchanga mtupu: mwagilia asubuhi, adhuhuri umekauka. Kwa hiyo dereva wa lori la kunyonya choo aliponiambia, "Nikumwagie hapa bure," nilimwelewa anayekubali. Mimi nilikataa. Mayai ya minyoo ya askaris hukaa hai udongoni kwa miezi mingi, na visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe unaopitisha maji upesi.

Chukua tope la matangi ya nyumba za kuishi tu. La gereji au kiwanda liache, maana risasi na madini mengine mazito hayaozi. Dereva awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Vaa buti na glavu, watoto wakae mbali. Lianike juu ya kitanda cha mchanga na kokoto, unene wa sentimita 20 hivi, hadi likatike kwa jembe.

Changanya ndoo 1 ya tope na ndoo 2 au 3 za vitu vikavu. Mimi hutia mabua ya mahindi, majani ya mwembe na makuti yaliyokatwakatwa. Makumbi ya nazi niliyaacha, yanachelewa mno kuoza. Rundika hadi mita 1.5. Kamua konzi moja: matone mawili matatu yanatosha, maji yakichuruzika, ongeza majani.

Sasa joto, na hapa usifanye haraka. Kanuni za Marekani za mwaka 1993 zinataka lundo la wazi likae nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na ligeuzwe mara 5 katika siku hizo. Nafuata hiyo hiyo. Kila asubuhi nachoma kipimajoto kirefu sehemu tatu, naandika daftarini. Watu hudhani tunageuza kwa ajili ya hewa tu. Ngozi ya nje ya lundo haipati moto, na yai la mnyoo lililo pale linabaki zima. Basi ya nje yaingie ndani, ya ndani yatoke. Mwaka jana mvua ilinipozea lundo siku ya 11. Nikaanza kuhesabu upya kutoka moja. Siku hizi nalifunika kwa makuti.

Likipoa, liache miezi minne au zaidi. La kwanza sikulingoja, na mahindi yakatoka manjano: lundo ambalo halijaiva hunyang'anya mmea naitrojeni. Sasa naanza Agosti, natumia kabla ya masika. Machi iliyopita mama alichota kiganja, akakinusa kwa muda. "Mwanangu, yanuka msitu ulionyeshewa."

Mchicha na nyanya siwekei. Mwembe mchanga napa debe moja, nikilichanganya na udongo wa shimo lake. Mahindi, viganja viwili kila shimo, udongo kidogo juu, ndipo mbegu. Kisha sabuni, mikono hadi viwikoni.