Ukitaka kuzungumza na watoto wa kipaimara kuhusu mastaa

Usianze kwa kukataza. Ukiingia darasani Jumamosi asubuhi ukatangaza kwamba wasanii wote ni wa shetani, watoto watakuitikia "ndiyo mwalimu" kwa adabu zote, wakishatoka getini simu zinawashwa. Hutakuwa umewafundisha chochote, isipokuwa kwamba mambo hayo hayazungumzwi mbele yako.

Mimi nafundisha kipaimara kwenye usharika wetu wa Kilutheri hapa Iringa, na siku nyingine nasuka. Saluni imenisaidia sana kwenye somo hili. Siku hizi binti haji na maelezo, anakuja na picha: "Dada, nataka kama huyu." Huyo wa kwenye picha ni msanii, na mimi naona kwa macho ya kazi kwamba nywele zile si zake. Ni wigi, imebanwa kwa gundi kwenye paji la uso, kisha vinyweleo vya mbele vimelazwa kwa jeli na mswaki mpaka vikaonekana vimeota hapo. Nyuma ya picha moja yupo msusi, yupo wa vipodozi, yupo wa taa, na nguo pengine ni ya kuazima. Waeleze watoto hivyo hivyo, kama mtu anayeeleza kazi, bila kejeli. Mtoto akijua picha inavyotengenezwa huacha kujipima nayo, au angalau anaanza kuuliza maswali.

Halafu gawa vikaratasi. Kila mmoja aandike jina la staa anayempenda na kitu kimoja ambacho angependa kukipata kutoka kwake. Wasiandike majina yao. Kusanya, soma kwa sauti, usicheke hata kimoja. Vitakuja vya kila aina: sauti, gari, nywele, kucheza, wafuasi wengi, pesa, "anajiamini". Ubaoni chora mstari katikati. Upande mmoja weka kipaji na juhudi, upande wa pili weka mali na sifa. Upande wa kwanza usiuonee haya. Kutoka 31 inasema Mungu alimjaza Bezaleli roho yake ili afanye kazi ya ufundi, kwa hiyo kipaji cha mtu kinaweza kushukuriwa hata kama maisha yake mengine hatuyaigi. Kuna mtoto aliandika kwamba anampenda msanii fulani kwa kuwa alimjengea mama yake nyumba. Niliwauliza wenzake hiyo ni amri ya ngapi, wakajibu kwa pamoja: ya nne, ya kuwaheshimu baba na mama. Katekisimo ilikuwa imeingia, kumbe.

Sasa ingia kwenye Biblia, na hapa usiharakishe. Wengi wetu tunakimbilia Mhubiri, "ubatili mtupu", nayo ni kweli, ila mtoto wa miaka kumi na minne hajaonja kitu cha kutosha mpaka akione ni ubatili. Mpe mtu. Mpe Absalomu, mwana wa Mfalme Daudi.

Wasomee wasifu wake bila kutaja jina. Kijana mzuri kuliko wote nchini, hana kasoro tangu wayo wa mguu mpaka utosi. Akinyoa nywele, mara moja kwa mwaka, zinapimwa, zinafika shekeli 200. Akitoka ana gari la farasi na watu 50 wanakimbia mbele yake. Asubuhi anasimama njiani karibu na lango, mtu akija kumsujudia yeye anamshika na kumbusu, na kila mwenye kesi anaambiwa kwamba angekuwa yeye mwamuzi mambo yangenyooka. Uliza: huyu angekuwa nani leo? Watataja wasanii, mmoja atataja mwanasiasa. Waache wabishane, kisha wafungue 2 Samweli 14 na 15 wajionee wenyewe.

Kwa zile nywele, njoo na pakiti mbili za sukari za kilo moja moja. Shekeli ilikuwa kama gramu 11, kwa hiyo nywele zake zilizidi kidogo hapo. Pitisha sukari mkono kwa mkono. Kama msusi naapa sijawahi kufagia kiasi hicho kutoka kichwa kimoja. Swali la kuuliza ni hili: nywele za mtu zinapimwa ili iweje? Nani alikuwa ameshika mzani, na nani alikwenda kuwaambia watu? Wanangu walijibu haraka kuliko nilivyotegemea: "Alikuwa anatafuta kiki."

Endelea na sura ya 18, alipouawa vitani baada ya kumpindua baba yake. Atatokea mmoja kusema Absalomu alinaswa mtini kwa nywele. Mwambie asome mstari wa 9, panasema kichwa. Kisha nendeni mstari wa 17 na 18, maana ndipo somo lilipo. Mwili wake ukatupwa kwenye shimo kubwa msituni, ukafunikwa kwa chungu ya mawe. Na mwandishi anakumbusha kwamba enzi za uhai wake Absalomu alijisimamishia nguzo katika Bonde la Mfalme, akaiita kwa jina lake, kwa sababu alisema hana mwana wa kulikumbusha jina lake. Mtoto makini atakubana: mbona sura ya 14 inasema alizaliwa wana watatu? Mjibu ukweli, Biblia haielezi walikopatikana wala walikoishia. Usitunge.

Kisha waulize nani alimlilia. Wale hamsini wa kukimbia mbele ya gari hawatajwi tena. Aliyelia "mwanangu, mwanangu Absalomu" ni Daudi, baba aliyepinduliwa na kukimbizwa mjini. Nyamaza hapo kidogo. Huhitaji kuhubiri.

Jumamosi inayofuata unaweza kuja kwenye watu wa karibu zaidi, lakini kwanza someni Luka 13:4, watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Yesu alikataa kusema walikuwa wakosaji kuliko wengine. Huo ndio uzio wako: kifo cha msanii usikifanye fimbo ya kuchapia watoto.

Mimi huwauliza kuhusu mwigizaji Steven Kanumba. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, ikiwa kesho yake ni Pasaka, akiwa na miaka 28. Sisi tuliokuwepo tunakumbuka umati wa kumuaga kwenye viwanja vya Leaders, watu wanazimia, nchi nzima imekaa kwenye redio. Watoto wangu wa mwaka huu walikuwa hawajazaliwa, au walikuwa wachanga bado. Wengine wanalijua jina, wengine wanauliza, "Yule wa muvi za zamani?" Wala simlaumu marehemu, alifanya kazi sana na akafungua njia nje ya mipaka. Nawaonyesha tu umati unavyokaa na unavyoondoka.

Kwa wale wanaoimba kwaya nawapa Whitney Houston, mwimbaji wa Marekani. Alikulia kwenye uimbaji wa kanisa la New Hope Baptist mjini Newark, mama yake Cissy akiwa kiongozi wa muziki pale. Akauza rekodi dunia nzima. Tarehe 11 Februari 2012 alikutwa amekufa kwenye bafu la chumba chake katika hoteli ya Beverly Hilton, ana miaka 48, na uchunguzi ulitaja kuzama, maradhi ya moyo na kokeini. Jioni ile ile, katika hoteli ile ile, sherehe ya kuamkia tuzo za muziki za Grammy iliendelea. Ibada ya kumuaga ikafanyika kanisani kwao, Newark. Wape dakika kumi waandike wangetaka kumwambia nini siku moja kabla. Hivyo vikaratasi usivisome kwa sauti.

Usiruke ustaa wa kwetu kanisani, maana watoto wanauona. Wanaona bango la mkutano ambalo picha ya mhubiri ni kubwa kuliko msalaba, na mwimbaji wa injili ambaye hapandi jukwaani mpaka walinzi wasafishe njia. Someni Matendo 14: watu wa Listra walitaka kuwatolea sadaka Barnaba na Paulo, wakiwaita Zeu na Herme, majina ya miungu yao, nao wakararua mavazi yao wakipiga kelele. Uliza ni nani siku hizi anararua shati akisifiwa. Vijana watacheka, halafu watakutazama wewe.

Kazi ya nyumbani inatoka Waebrania 13:7, pale tunapoambiwa tuchunguze sana mwisho wa mwenendo wa wale waliotuongoza ndipo tuige imani yao. Kila mtoto achague mtu mzima mmoja ambaye anaweza kuingia kwake bila miadi, amtazame wiki nzima. Analipaje madeni? Anasemaje na dada wa kazi? Akikosewa hufanya nini? Staa wa kwenye simu huwezi kumchunguza hivyo, na hilo watoto waligundue wenyewe. Kijana mmoja alimchagua fundi baiskeli wa mtaani kwao. Aliandika kwamba ana daftari la wadaiwa, na mdaiwa akipita hamwiti mbele za watu, anasubiri awe peke yake.

Mwisho wa kipindi ombeni kwa ajili ya mastaa, kwa majina yale ya kwenye vikaratasi. Mara ya kwanza watacheka. Omba kawaida kama unavyomwombea jirani: afya, usingizi, rafiki anayeweza kumwambia hapana. Na mzazi akija kulalamika kwamba unawaombea watu wa bongo fleva kanisani, mfungulie 1 Timotheo 2:1, palipoandikwa "watu wote", kisha endelea na ratiba yako.