Jinsi ya kumgeuza mchezaji awe fisi (au chochote unachotaka) kwenye gemu lako la Roblox

Kuna watu wanacheza Roblox kila siku, wanagusa jiwe wanageuka dubu, wanagusa lingine wanageuka joka, halafu siku wakifungua Studio (programu ya kutengenezea magemu ya Roblox) watengeneze kitu kama hicho kwenye gemu lao wanakwama mapema kabisa. Mara nyingi ni kwa sababu wanadhani mofu (morph, yaani huku kugeuka umbo jingine) ni nguo, yaani mchezaji anavalishwa ngozi ya fisi juu ya mwili wake basi. Sio hivyo. Ukigeuka fisi mwili wako wa mwanzo unatupwa, unapewa mwili mwingine mzima mzima, na sava (kompyuta ya Roblox inayoendesha gemu kwa wachezaji wote) inaambiwa kuanzia sasa mchezaji fulani anaishi humu. Ukishalishika hilo mengine ni kazi ya mikono tu.

Kabla ya yote, Roblox Studio ni bure lakini inataka kompyuta, Windows au Mac. Kwenye simu unacheza tu, hujengi. Najua wengi wetu tuna simu tu so hapo itabidi uazime laptop ya bro au uende cyber wanaokuruhusu kuinstall vitu, hakuna njia ya mkato.

Njia ziko tatu na mbili nazipitia haraka. Ya kwanza, kama unataka KILA mtu anayeingia awe fisi tangu mwanzo, hauhitaji skripti yoyote, chukua modeli yako uipe jina StarterCharacter, iweke ndani ya StarterPlayer, imeisha. Ya pili ni HumanoidDescription, hii ni ya kubadilisha muonekano wa mtu bila kumtoa mwilini: nguo, sura, kofia, urefu, upana. Unaita GetAppliedDescription kwenye Humanoid wake (kile kitu ndani ya mwili kinachosimamia uhai na mwendo), unabadilisha mfano HeightScale na WidthScale, unarudisha kwa ApplyDescription. Nzuri sana kwa gemu la majitu na mbilikimo, ila kubadilisha ukubwa kwa njia hii kunakubali kwenye avata za R15 tu, za R6 hazitaki.

Ya tatu ndo mofu yenyewe, na hapo ndo tutakaa.

Anza na mwili. Kwenye Studio kuna Rig Builder, inakupa rigi yaani mwili mtupu wenye viungo tayari, fungua uchague R6. R6 ni mwili wa vipande sita, kichwa, kiwiliwili, mikono miwili na miguu miwili, R15 ni vipande kumi na tano yaani una viwiko na magoti. R15 inapendeza zaidi ikitembea lakini kwa mofu ya kwanza nakushauri R6, vipande vichache vya kuhangaika navyo. Na fisi wetu tumfanye wa kwenye hadithi za bibi, yule anayesimama kwa miguu miwili anabishana na Sungura, usianze na fisi wa miguu minne. Wa miguu minne inabidi umtengenezee viungo vyake vya Motor6D mwenyewe na animesheni zake mwenyewe, tena animesheni lazima iwe imepandishwa na akaunti ile ile yenye gemu au grupu lenye gemu, ukikopi ID ya mtu mwingine haichezi. Huko utaenda baadae.

Sasa jenga fisi juu ya rigi. Weka pua, masikio, manyoya ya shingoni, mkia, kila kipande kikae pale unapotaka kionekane, halafu vipande vya rigi unavyotaka vifichike viwekee Transparency 1. Usivifute! Hasa kichwa. Humanoid ana kitu kinaitwa RequiresNeck, kama kiungo cha shingo kinachoshika kichwa hakipo anakufa hapo hapo, utabaki unashangaa kwanini fisi anasambaratika kila akitokea. Na HumanoidRootPart usiiguse kabisa, usiibadilishe jina, hakikisha ndo imewekwa kama PrimaryPart ya modeli. Kile kiboksi hakionekani lakini ndo kinachobeba mwili wote, kutembea, kuruka, kila kitu.

Kuchomelea ndo sehemu inayoua mofu nyingi. Kila kipande ulichoongeza kinahitaji WeldConstraint (weldi, inayoshikanisha vipande viwili), unaiweka ndani ya kipande, Part0 inakuwa hicho kipande, Part1 inakuwa kipande cha rigi kinachokibeba. Na usichomelee kila kitu kwenye kiwiliwili kama wengi wanavyofanya, kwa sababu fisi akitembea miguu ya rigi iliyofichwa itakuwa inatembea huku manyoya ya miguu yamebaki yameganda hewani. Manyoya ya mguu wa kulia yachomelewe kwenye mguu wa kulia, makucha ya mkono kwenye mkono, masikio kwenye kichwa. Baada ya hapo chagua vipande vyote ulivyoongeza kwa pamoja: Anchored zima, CanCollide zima, Massless washa. Kipande kimoja tu kikibaki na Anchored, mchezaji anageuka fisi halafu hasogei hata hatua moja. Kipande kisipochomelewa kinadondoka, na kama CanCollide imezimwa kinapenya chini ya ardhi kinapotea, so ukiona fisi wako ametokea hana sikio jua ni weldi hiyo, sio skripti.

Rekebisha Humanoid yake pia. Kawaida WalkSpeed ni 16 na MaxHealth ni 100, fisi mpe 22 hivi mbio zionekane. Miguu ikizama ardhini pandisha HipHeight kidogo kidogo mpaka asimame sawa.

Kisha kuna Animate, skripti inayochezesha miguu na mikono mwili ukitembea. Mwili unaouweka mwenyewe hauletewi vitu ambavyo Roblox inamwekea mchezaji akizaliwa kawaida, skripti za StarterCharacterScripts haziji, Animate haiji, hata ile Health inayorudisha uhai polepole haiji. Ndo maana mofu za watu wengine zinateleza kama sanamu lililowekwa matairi. Dawa yake: bonyeza Play, nenda Workspace tafuta avata yako, kopi Animate na Health zilizo ndani yake, stop, pesti ndani ya fisi. Avata uliyokopi iwe aina moja na rigi, Animate ya R15 haifanyi kazi kwenye R6.

Fisi akiwa tayari, tengeneza folda ndani ya ServerStorage iite Maumbo, mtumbukize humo akiwa na jina Fisi. Kwenye ramani weka Part iite Jiwe, ndani yake weka ProximityPrompt (kitufe kinachotokea mchezaji akisogea karibu). Kuna watu wanatumia Touched (tukio la kitu kuguswa) badala ya hiyo prompt, mimi sipendi, Touched inapiga mara nyingi mfululizo kila mguu ukigusa, itabidi uanze kuandika vizuizi ili mtu asigeuke mara kumi kwa sekunde, na mtu akipita kwa bahati mbaya kageuka. Prompt mtu anabonyeza kwa hiari yake.

Skripti ya kawaida, sio LocalScript (hiyo inakimbia kwenye kifaa cha mchezaji, sio kwenye sava), ndani ya ServerScriptService:

local Players = game:GetService("Players")
local maumbo = game:GetService("ServerStorage").Maumbo

local function geuza(mchezaji, jina)
    local umbo = maumbo:FindFirstChild(jina)
    local zamani = mchezaji.Character
    if not umbo or not zamani then return end
    local h = zamani:FindFirstChildOfClass("Humanoid")
    if not h or h.Health <= 0 then return end

    local pahali = zamani:GetPivot()
    local mpya = umbo:Clone()
    mpya.Name = mchezaji.Name
    mpya:SetAttribute("NiMofu", true)
    mpya:PivotTo(pahali + Vector3.new(0, 2, 0))
    mchezaji:SetAttribute("Umbo", jina)
    mchezaji.Character = mpya
    mpya.Parent = workspace
    zamani:Destroy()
end

workspace.Jiwe.ProximityPrompt.Triggered:Connect(function(mchezaji)
    geuza(mchezaji, "Fisi")
end)

Mpangilio wa mistari ya mwisho ndani ya geuza usiuchezee. Mwili mpya unakabidhiwa kwanza, unaingia workspace, ndo wa zamani unafutwa. Ile Vector3 yenye 2 inamnyanyua kidogo asitokee amezama, fisi wako akiwa mkubwa ongeza namba. Na pale inapokagua Health, usiitoe ukidhani ni urembo, mtu akibonyeza jiwe huku anakufa bila huo mstari utapata vituko.

Sasa mchezaji akifa. Atazaliwa upya na avata yake ya kawaida, na kwa magemu mengi hiyo ni sawa tu. Ukitaka arudi akiwa fisi bado, ongeza hii chini:

Players.PlayerAdded:Connect(function(mchezaji)
    mchezaji.CharacterAdded:Connect(function(mwili)
        if mwili:GetAttribute("NiMofu") then return end
        local jina = mchezaji:GetAttribute("Umbo")
        if not jina then return end
        task.wait(0.5)
        geuza(mchezaji, jina)
    end)
end)

Ule mstari wa NiMofu ndo roho ya hii skripti. Ukimpa mchezaji mwili mpya CharacterAdded (tukio la mchezaji kupata mwili) inaita tena, kwa hiyo bila kukagua, fisi anageuzwa fisi, anageuzwa fisi, anageuzwa fisi, haiishi, sava inaanza kukoroma.

Kumrudisha mtu kwenye umbo lake: futa kwanza alama kwa mchezaji:SetAttribute("Umbo", nil), shika pahali alipo kwa GetPivot, ita mchezaji:LoadCharacter(), halafu mrudishe pahali pale kwa PivotTo, la sivyo atatokea kwenye spawn upande wa pili wa ramani akutukane. Ukisahau kufuta alama na una ile skripti ya pili, atarudi binadamu nusu sekunde kisha fisi tena.

Ukitaka menyu ya kuchagua maumbo kwenye skrini, kitufe kinakaa kwa mchezaji lakini kazi ya kugeuza inabaki kwa sava, katikati unaweka RemoteEvent (njia ya kutuma ujumbe kutoka kwa mchezaji kwenda kwa sava) ndani ya ReplicatedStorage. LocalScript peke yake haitoshi, ukimbadilisha mtu kwa LocalScript wengine hawamuoni kama fisi. Na hapa uwe mkali, usiamini chochote kinachotoka kwa mchezaji. Yeye atume jina la umbo tu, sava ikague mwenyewe kama umbo lipo na kama huyo mtu ana haki nalo, maana wenye kuchiti wanaweza kutuma neno lolote kwenye hiyo RemoteEvent bila hata kufungua menyu yako. Kama una umbo la Simba linalonunuliwa kwa Robux halafu ukaguzi umeuweka kwenye kitufe tu, simba watakuwa wa bure wiki hiyo hiyo.

Kuhusu kuchukua mofu zilizo tayari kwenye Toolbox, chukua ujifunzie lakini ifungue uone ndani kwanza. Fisi hana haja ya skripti kumi. Ukiona skripti ina require ikifuatiwa na namba ndefu, au maandishi yaliyovurugwa hayasomeki, futa bila huruma, huo ni mlango wa mtu wa kuingilia gemu lako. Na wale wanaoweka wahusika wa katuni maarufu, mwenye haki zake akilalamika inatolewa, fisi wako wa kujitengenezea hakuna anayekudai.

Kujaribu usijaribu peke yako. Kwenye sehemu ya Test kuna namna ya kuwasha sava na wachezaji wawili kwenye kompyuta hiyo hiyo, washa hiyo, mmoja mgeuze fisi halafu uangalie kwenye dirisha la mwenzake. Hapo ndo utaona mkia unaoelea, kamera iliyobaki kwenye mwili uliofutwa (ikitokea, LocalScript ya kuweka CameraSubject iwe Humanoid mpya kila CharacterAdded inatosha), na fisi anayetembea kwako vizuri lakini kwa mwenzako amesimama wima anateleza. Halafu lichapishe likiwa la faragha ulifungue kwenye simu, na sio simu kali, ile ya bei ya chini kabisa unayoweza kuazima, maana manyoya ya vipande mia mbili kwenye kompyuta hayasumbui ila wakijaa mafisi ishirini kwenye sava moja simu hiyo ndo itakwambia ukweli. Ikigoma, unganisha manyoya yawe mesh moja au yapunguze.