Kuchora Tingatinga ukiwa na kibarua na wazee hawataki

Ugomvi wa nyumbani juu ya uchoraji, ukiuchunguza, mara nyingi ni wa mambo mawili: hela na harufu. Mzazi anayehesabu unga wa wiki akiona kopo la rangi, anaona unga uliopotea, na hana kosa. Yamalize hayo mawili kwanza, ndipo uzungumze naye.

Tingatinga, mtindo wa kuchora picha za rangi kali, hasa wanyama, inaifaa hali hii kwa sababu ilizaliwa humo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akiishi kwa kazi za mikono, na alichorea mbao za dari kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Duka la vifaa vya ujenzi linatosha.

Hadibodi, yaani ubao mwembamba wa dari, ikiwa nzima ya futi 8 kwa 4 inatoa vipande vinane vya futi 2 kwa 2. Ikikushinda bei, waulize mafundi dari wakuuzie mabaki. Nunua rangi ya mafuta makopo madogo: nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano na bluu; nyingine utachanganya mwenyewe. Nyeupe ndiyo huisha mapema. Brashi tatu: bapa ya inchi moja, ya kati ya kujazia umbo, na nyembamba kabisa ya mistari. Kuzimulia rangi tumia tapentaini. Mafuta ya taa yaoshee brashi tu. Ukiyatia kwenye rangi, itachelewa kukauka, tena itafifia.

Siku ya kwanza piga ubao msasa laini, paka rangi nyeupe ya maji mara mbili, nyembamba. Siku ya pili paka mandhari: rangi mbili, mfano njano chini na nyekundu juu, uzikutanishe zikiwa mbichi kwa brashi kavu hadi mpaka upotee. Kisha iache hadi kesho. Hapa kibarua kinakusaidia, maana rangi inakauka ukiwa kazini. Siku ya tatu jaza umbo la mnyama kwa rangi moja, ya nne weka madoa na mistari. Anayeharakisha hupata mikunjo: tabaka la juu likipakwa nene wakati la chini bado bichi, ngozi ya juu hukauka peke yake na kujikunja. Dawa yake ni kukwangua, kusubiri ikauke kabisa na kuanza upya. Wakati wa masika ongeza siku nzima kwa kila tabaka.

Harufu haiondoki kwa kubembeleza. Usipake chumba wanamolala watoto, wala karibu na jiko la mkaa, kwani tapentaini inashika moto upesi. Paka uani au barazani, jua likiwepo bado. Usiku taa huvuta wadudu. Akinasa mmoja kwenye rangi mbichi, mwache. Kesho ikikauka utambandua kwa ncha ya wembe. Ukimng'oa sasa hivi, utaburuza rangi yote.

Baba akikataa, usibishane naye mbele ya wadogo zako. Mtume mjomba au shangazi anayesikilizwa, na aende na hesabu: fungu la nyumbani halijapungua, kibarua hujaacha. Kama pingamizi ni la dini, kwamba viumbe hai havichorwi, hilo ni suala la imani na halishindwi kwa maneno. Chora majahazi, mibuyu, milango ya Zanzibar na maua, wanunuzi wapo.

Picha ikiuzwa, toa kwanza gharama ya vifaa, urudishe kwenye mtaji. Kinachobaki kigawe mara mbili, nusu umkabidhi mama mkononi siku hiyohiyo. Hakuna hoja inayoizidi hiyo. Kazi usiiache mpaka mauzo yafikie mshahara wako kwa miezi sita mfululizo, na miezi hiyo iwemo Aprili na Mei, watalii wanapopungua.

Dukani picha huachwa kwa mali kauli, yaani unalipwa ikishauzwa, na hapo ndipo wengi hudhulumiwa. Piga picha ya kila kazi kwa simu. Andika kwenye daftari kipimo, bei yako na tarehe, mwenye duka atie sahihi. Usimwachie zaidi ya tatu kabla hajalipa ya kwanza.