Kabla Hujamlipa Mshauri wa Biashara: Maandalizi Hatua kwa Hatua

Kazi yangu ni kushauri biashara ndogo na za kati. Hivi karibuni nimemaliza kumwandaa mwenye karakana mmoja aliyekuwa amepanga kuajiri kampuni ya ushauri imtengenezee mkakati wa kukua. Tulipofika katikati ya maandalizi, swali lake lilikuwa limebadilika kabisa, na kazi aliyoiagiza mwishowe ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile aliyoifikiria mwanzo. Naandika utaratibu tuliofuata kwa sababu yeyote anayeanzisha au kupanua biashara anaweza kuufanya mwenyewe. Mshauri makini atafurahi ukimjia na maandalizi haya mkononi. Asiyetaka hata kuyaangalia, usimpe kazi.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

"Nataka kukuza biashara" haijibiki. "Je, nifungue tawi la pili au niongeze zamu ya usiku hapa nilipo?" inajibika, maana ina njia mbili zinazoweza kupimwa kwa hesabu. Sentensi yako itaje uamuzi unaotaka kuufanya na tarehe ambayo ni lazima uwe umeshaamua. Kama ndio kwanza unaanza, inaweza kuwa "nianze na bidhaa moja au na zote tatu?"

Mkiwa na ubia, kila mbia aandike sentensi yake peke yake kabla ya kuonyeshana. Mara nyingi hazifanani, na hapo mnakuwa na jambo la kuzungumza wenyewe kabla hata mshauri hajapigiwa simu. Hakuna mtaalamu anayeweza kuwaandikia mkakati wabia wanaovutana kila mmoja upande wake.

Hatua ya 2: Tenganisha fedha

Akaunti ya biashara iwe ya biashara tu. Wewe mwenyewe jilipe mshahara, kiasi kilekile kila mwezi, hata kiwe kidogo. Endelea.

Hatua ya 3: Jua kila bidhaa inakuachia nini

Chukua bei ya kuuzia, toa gharama zote zinazopanda na kushuka kufuatana na idadi unayouza: malighafi, vifungashio, usafirishaji, kamisheni ya muuzaji. Tuseme bei ni 100 na gharama hizo ni 60, kinabaki 40. Sasa jumlisha gharama zisizobadilika za mwezi, kama pango, mishahara ya kudumu, ulinzi na intaneti. Tuseme ni 20,000. Gawanya kwa 40, unapata 500. Ukiuza bidhaa 500 kwa mwezi hupati faida wala hasara, na faida inaanzia ile ya 501.

Fanya hesabu hii kabla ya kumpunguzia mteja bei, maana wengi wanadhani punguzo la asilimia 10 linakula asilimia 10 ya faida. Endelea na mfano uleule. Unauza bidhaa 700 kwa mwezi, kwa hiyo faida yako ni 8,000. Ukishusha bei hadi 90, kinachobaki kwa kila bidhaa kinashuka kutoka 40 hadi 30. Ili faida ibaki 8,000 itakubidi uuze bidhaa 934, yaani ongezeko la theluthi nzima, na mashine zilezile na watu walewale. Mkakati wowote wa "tushushe bei tuteke soko" upitishe kwanza kwenye hesabu hii.

Ukiwa na bidhaa nyingi, fanya kwa zile zinazoleta sehemu kubwa ya mauzo. Nyingine zisubiri.

Hatua ya 4: Tengeneza jedwali la fedha la wiki 13

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wanapopoteza saa nyingi. Biashara inaweza kuonyesha faida kwenye vitabu na bado ikashindwa kulipa mishahara Ijumaa, kwa sababu faida huhesabiwa unapouza na mishahara hulipwa kwa fedha iliyokwisha kuingia. Jedwali hili linakuonyesha ni wiki gani fedha itakata.

Umbo lake ni rahisi. Safu wima 13, moja kwa kila wiki, ambazo ni robo ya mwaka. Kwenye mistari weka salio la kuanzia, fedha zinazoingia, fedha zinazotoka na salio la mwisho. Salio la mwisho la wiki hii ndilo la kuanzia la wiki ijayo. Wiki 13 zinatosha kuliona tatizo likiwa bado mbali, na si nyingi kiasi cha kukulazimisha kubuni. Makadirio ya miaka mitano mwachie atakayeyahitaji kwa ajili ya mkopo.

Tumia Excel au programu yoyote ya majedwali, au karatasi na rula. Nawakataza wateja wangu kununua programu maalumu ya bajeti katika hatua hii. Programu hizo hukujazia namba zenyewe, na faida kubwa ya zoezi hili ni wewe kujua kila namba imetoka wapi.

Sasa mambo ya kuangalia, moja baada ya jingine.

Salio la kuanzia litoke kwenye taarifa ya benki ya asubuhi hiyo, ongeza fedha iliyo kwenye simu na iliyo kwenye sanduku. Usilitoe kichwani.

Fedha inayoingia iandike kwenye wiki itakayofika. Tarehe ya ankara haina maana hapa. Fungua ankara za zamani za kila mteja mkubwa, hesabu siku kati ya kumpelekea ankara na fedha kuonekana benki. Kama mkataba unasema siku 30 na yeye kawaida yake ni 47, andika 47. Mteja mwenye tabia ya kuchelewa hatabadilika kwa sababu jedwali lako linamhitaji abadilike.

Fedha zinazotoka usizinakili kutoka kwenye taarifa ya faida na hasara. Taarifa ile inaonyesha riba ya mkopo peke yake. Sehemu ya mkopo wenyewe unayorejesha kila mwezi haimo, ingawa inatoka mfukoni. Kinyume chake, uchakavu wa mashine, yaani thamani inayopungua kadiri mashine inavyotumika, umo mle, na hakuna fedha inayotoka wiki hiyo. Anayenakili anaishia na jedwali lenye makosa pande zote mbili, na huenda lisimshtue mtu yeyote kwa sababu jumla zinaonekana za kawaida.

Kodi ya ongezeko la thamani unayokusanya kwa wateja imepita tu mikononi mwako. Iingize inapopokelewa, kisha iandike kama fedha inayotoka kwenye wiki ya kuipeleka. Salio huonekana nono wiki chache kabla ya tarehe hiyo, na huo ndio wakati watu hununua vitu visivyo vya lazima.

Malipo ya mara moja kwa mwaka, kama bima, leseni na ukaguzi, husahaulika kuliko yote. Pitia taarifa za benki za miezi 12 iliyopita mstari kwa mstari. Inachosha, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Wiki ya kwanza ikiisha, salio la jedwali lilingane na la benki. Lisipolingana, tafuta tofauti hadi uipate. Kwa yule mwenye karakana tofauti ilitushinda jioni nzima, hadi tulipogundua kuwa alikuwa akiwalipa baadhi ya wauzaji wa malighafi kwa fedha yake binafsi, kisha akijirudishia kidogo kidogo bila kuandika. Usiweke mstari wa "mengineyo" ili hesabu zikubali. Mstari huo utakua kila wiki, na baada ya muda jedwali zima halitakuwa na maana.

Kila wiki tunza nakala ya jedwali la zamani kabla ya kuandika jipya. Ukifuta makadirio na kuweka halisi juu yake, huwezi tena kujua unakosea wapi. Ukiwa na nakala, baada ya wiki chache utaona mwelekeo: labda mauzo unakisia vizuri, ila gharama za usafiri unazipunguza kila mara.

Mwisho, nakili jedwali zima na usogeze malipo ya mteja wako mkubwa wiki tatu mbele. Kama salio linashuka chini ya sifuri kwa jambo hilo moja, umeipata hatari kubwa ya biashara yako bila kumlipa mtu.

Jedwali likikamilika, ongeza hesabu moja zaidi kama unafikiria kupanuka. Hesabu siku ambazo mzigo unakaa stoo, jumlisha siku ambazo wateja wanachukua kulipa, toa siku ambazo wauzaji wako wa malighafi wanakusubiri uwalipe. Tuseme 40, jumlisha 45, toa 20: unapata siku 65. Hizo ni siku ambazo fedha yako imefungwa kila inapozunguka. Kama gharama za kila siku za kuzalisha ni 1,000, basi karibu 65,000 imekwama ndani ya mzunguko muda wote. Ukiongeza uzalishaji mara mbili bila kugusa siku hizo, utahitaji 65,000 nyingine kabla faida ya ongezeko hilo haijakufikia. Ndiyo sababu biashara zinazouza vizuri huanguka zikiwa zinakua.

Jedwali la yule bwana lilikuwa linaingia chini ya sifuri wiki ya nane, kabla hata ya kufungua tawi. Swali lake likawa "nitapunguzaje siku za kulipwa?" na jibu lilianza na kuomba malipo ya awali kwa kazi kubwa.

Kwa biashara ambayo haijaanza, jedwali ni lilelile. Salio la kuanzia ni mtaji ulio nao kweli, na mauzo ya wiki za mwanzo yaandike kwa uchoyo.

Hatua ya 5: Ongea na wateja

Waulize walichokifanya. Ukiuliza watu kama watanunua kitu, watasema ndiyo kwa adabu. Uliza: mara ya mwisho ulipopata tatizo hili ulifanya nini, ulilipa nani, kiasi gani, nini kilikuudhi? Ongea pia na waliokuacha, maana wao wana habari ambazo wateja waaminifu hawana. Andika maneno yao kama walivyoyasema.

Hatua ya 6: Chagua njia moja ya kukua

Mwaka 1957 Igor Ansoff, mtaalamu wa mikakati ya biashara, aliandika kwenye jarida la Harvard Business Review kuhusu njia nne za kukua, na mpaka leo sijapata mpangilio ulio wazi zaidi kwa biashara ndogo. Unaweza kuuza zaidi bidhaa uliyonayo katika soko ulilonalo, kuipeleka bidhaa hiyo kwenye soko jipya, kuwaletea wateja wako wa sasa bidhaa mpya, au kupeleka bidhaa mpya kwenye soko jipya. Njia ya nne ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa unajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja, tena kwa fedha yako.

Chagua moja kwa robo mwaka ijayo na uipitishe kwenye jedwali la wiki 13. Mpangilio huu naupenda kuliko lile jedwali maarufu la nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, ambalo watu hulijaza kwa maneno kama "huduma bora" na kuondoka bila uamuzi wowote.

Hatua ya 7: Sasa tafuta mshauri, na mwandikie hadidu za rejea

Soma tena sentensi ya hatua ya 1. Pengine imebadilika. Kama ni suala la kodi, unahitaji mhasibu. Kama ni mkataba, mwanasheria. Mshauri wa mkakati mtafute pale uamuzi ni wa soko, bei, muundo wa biashara au mpango wa upanuzi.

Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi unayomwagiza, zitoshe ukurasa mmoja: swali, utakachompa (majedwali yako, mahojiano ya wateja), atakachokukabidhi, tarehe, na malipo kwa awamu. Yapo mambo manne nisiyokubali yaachwe. Jina la mtu atakayefanya kazi yenyewe liandikwe, kwa sababu wakati mwingine mwenye uzoefu huja kwenye mazungumzo ya kwanza na kazi hufanywa na mwingine. Majedwali akukabidhi yakiwa na fomula zake ndani, ili uweze kubadilisha namba mwenyewe. Awamu ya mwisho ya malipo ilipwe baada ya kukabidhiwa na kuelezwa, isiwe kabla. Na aandike kama anapata kamisheni kutoka kwa yeyote atakayekupendekezea, awe mkopeshaji, muuza mashine au muuza programu.

Kabla ya kusaini, omba kuongea na wateja wake wawili wa zamani, na uwaulize ni uamuzi gani walioubadilisha kwa sababu yake. Anayekuahidi kiwango fulani cha mauzo, muage kwa heshima.

Hatua ya 8: Weka siku ya kufuatilia

Saa moja kila wiki, siku ileile, na watu walewale. Angalieni jedwali la fedha kwanza, kisha namba moja inayopima njia mliyoichagua, kwa mfano siku za kulipwa au wateja waliorudi. Kila jambo lililoamuliwa liwe na jina la mtu na tarehe. Mshauri mwalikeni kwenye kikao cha wiki ya sita na cha wiki ya 13, na vikao hivyo viwili viandikwe kwenye hadidu za rejea tangu mwanzo, vikiwa ndani ya malipo yaleyale.