Somo: Ile herufi iliyo mwishoni mwa namba za tairi

Wanakikundi, salaam kutoka Tabora. Jana jioni kijana mmoja alileta Noah kijiweni kwangu, alfajiri ya leo alikuwa anashuka Kigoma. Akaniambia, "Fundi, nipe 195/65 ringi 15, lolote lile." Nikamuuliza herufi ya mwisho ni ipi. Akacheka, akadhani namtania. Sikuwa namtania. Wengi tunanunua tairi kwa saizi na bei, hiyo herufi hatuiulizi, kwa hiyo leo tuisome pamoja.

Hatua ya kwanza: chuchumaa usome

Futa vumbi ubavuni mwa tairi. Utakuta, kwa mfano, 195/65R15 91S. Za mwanzo mnazijua: upana kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya huo upana, na ringi kwa inchi. Nataka mtazame za mwisho. 91 ni mzigo, maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 615. S ni spidi, hadi kilomita 180 kwa saa. Q ni 160, R 170, T 190, H 210, V 240, W 270, Y 300. Msifuate mpangilio wa alfabeti kichwani, kwa sababu H imekaa baada ya U yenye 200, kabla ya V.

Hatua ya pili: jua hiyo namba imepatikanaje

Hapa twendeni taratibu. Tairi hupimwa likiwa jipya, limejazwa upepo wake sawasawa, limebebeshwa mzigo unaojulikana, kisha linazungushwa juu ya pipa kubwa la chuma huku spidi ikipandishwa kidogo kidogo. Likistahimili, linapewa herufi. Kinachopimwa hasa ni joto. Kila sehemu ya tairi inapokanyaga lami ubavu hukunjwa, ikinyanyuka hunyooka, na kule kukunjwa ndiko kunakozaa joto. Tairi la Noah huenda kama mita mbili kwa mzunguko mmoja. Ukiwa spidi 110, ubavu unakunjwa na kunyooka mara 15 kila sekunde. Upepo ukipungua, unakunjwa zaidi. Ukiongeza magunia, hali kadhalika. Joto likizidi, mpira unaachana na nyaya zilizo ndani.

Haya nayasema kwa yaliyonikuta. Mwaka 2020 nilikuwa natoka Kigoma na abiria, dagaa na madumu ya mawese, nimeshapita Kidahwe naelekea Uvinza. Tairi zangu ni S, mimi niko 110, nikajiona nina akiba ya 70. Kama dakika tano kabla ya tairi kupasuka, sakafu ilikuwa inatetemeka chini ya kisigino changu, nikadhani ni lami mbaya. Kumbe kashata, yale meno ya mpira yanayokanyaga lami, za tairi la nyuma kulia zilikuwa zinabanduka. Likapasuka, ule mkanda wa mpira ukachapa bodi, mama mmoja aliyekuwa amebana dumu la mawese kwa magoti likamponyoka na mafuta yakatapakaa kwenye viti vyote. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Nilipopima tairi la nyuma lililobaki nikakuta upepo ni PSI 22 (PSI ni kipimo cha upepo), na lebo ya gari ilitaka 33. Na lile lililopasuka, nililouziwa kama jipya, limepakwa rangi nyeusi linang'aa, lilikuwa na tarakimu 0611.

Hatua ya tatu: soma umri

Tafuta neno DOT ubavuni, fuata maandishi yake hadi tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. 0611 ni wiki ya 6 ya mwaka 2011. Miaka tisa! Usipoziona upande wa nje, ziko upande wa ndani, ingia chini na tochi. Muuzaji akikuharakisha hapo, ondoka.

Hatua ya nne: upepo, asubuhi, kabla hujawasha gari

Fungua mlango wa dereva, utazame lebo kwenye nguzo. Magari yaliyotoka Japani huandika upepo kwa kipimo kingine, kPa: 220 ni kama PSI 32, 230 ni 33. Pima tairi likiwa la baridi. Usikisie kwa kupiga teke.

Hatua ya tano: piga hesabu ya mzigo

Matairi manne ya 91 ni kilo 2,460. Noah tupu ni kama tani moja na nusu. Weka watu wanane, weka magunia, na kumbuka magunia yote yanakaa nyuma, kwa hiyo matairi mawili ya nyuma ndiyo yanaumia. Ukibeba hivyo, ile 180 ya herufi haipo tena.

Likipasuka njiani, shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki kwa nguvu. Acha gari lipungue lenyewe, ndipo utoke pembeni.

MASWALI

Dereva, Kasulu: Shikamoo fundi. Nikisimama njiani nakuta upepo umepanda hadi 38. Nipunguze?

Marahaba. Usipunguze. Ni joto la safari, ukitoa sasa, asubuhi utakuta pungufu.

Mwanachama, Nzega: Nimeagiza gari Japani, limekuja na matairi yenye Q na neno STUDLESS. Bado yana kashata nzuri kabisa.

Ni matairi ya theluji, ndugu yangu. Mpira wake ni laini kwa ajili ya baridi, jua letu linauchosha haraka. Najua inauma kubadilisha kitu kinachoonekana kipya, ila badilisha kabla ya safari ndefu.

Wa Hiace, Kaliua: Yangu yameandikwa 106/104R. Mbona namba mbili?

106 ni kilo 950 tairi likiwa peke yake upande mmoja, 104 ni 900 yakifungwa mawili mawili. R ni 170. Tairi la gari dogo usilifunge hapo hata kama ringi inakubali.

Mwanachama, Urambo: Mbele H, nyuma S, kuna shida?

Spidi ya gari inakuwa ya lile la chini, yaani S. Kwenye ekseli moja yafanane. Na herufi isishuke chini ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kupanda juu ruksa.

Bodaboda, Ujiji: Sisi hatumo?

Mmo. 3.00-18 52P ni kilo 200 na spidi 150, tairi likiwa zima. Wewe, mshikaki wa watu wawili na pikipiki yenyewe, tairi la nyuma linazidiwa hata kwa spidi 50. Na msichonge kashata kwa kisu cha moto kwenye kipara, mnakaribia nyuzi.

Mama, Kigoma mjini: Mimi siendeshi, napanda tu basi kuja Tabora. Nitajuaje?

Mama yangu, kabla hujapanda zunguka basi mara moja. Ukiona nundu ubavuni, nyufa, au tairi limekuwa kipara, halina kashata, mwambie konda. Likiondoka, basi la abiria halitakiwi kuzidi 80 hata barabara ikiwa nyeupe. Ukiona wamepita hapo, sema kwa sauti. Wengine wote kwenye viti huwa wanangoja mmoja aanze.